Namba Moja Kubwa na Sanduku la Gazeti Letu

Mara nyingi sisi wa mwaka wa 6 tunaandika hapa juu ya nidhamu, juu ya usafi wa internat, ao juu ya mtihani wa Serikali. Leo tunapenda kuwaonyesha namba moja. Msigeuze ukurasa mbio. Katika muhula wa 2 ninyi wote mlisikia maneno yaliyosemwa juu ya sanduku la mchango wa gazeti hili, na juu ya mdogo wetu mmoja wa mwaka wa 2. Ni namba hii iliyotusaidia kuamua, na wengi wametuuliza namna gani. Basi tunajibu kwa maandishi, ili isibaki maneno ya barazani tu.

Namba yenyewe ni hii:

147 573 952 589 676 412 927

Iko na tarakimu 21. Inapatikana hivi. Chukueni 2. Mkizidisha kwa 2 mnapata 4. Tena kwa 2 mnapata 8. Kisha 16, 32, 64. Mkiendelea namna hiyo mpaka 2 imeingia mara 67, mnafika kwa 147 573 952 589 676 412 928. Toeni 1. Njo namba yetu. Walimu wa hesabu wanaiandika kwa kifupi 2⁶⁷ − 1, na ile 67 ya juu inaitwa kipeo, yaani puissance. Sisi darasani tuliizoea sana tukaiita tu “Sitini na Saba”, na hapa pia tutaiita vile.

Mgeni akifika kijijini anaulizwa: wewe ni mtoto wa nani, wa ukoo gani? Namba nayo inaulizwa hivyo. Je, inagawanyika kwa 2? Hapana, inaishia na 7. Kwa 5? Hapana, haiishii na 0 wala na 5. Kwa 3 ao kwa 9? Jumlisheni tarakimu zake zote, mtapata 109. Na 109 ikigawanywa kwa 9 inabaki 1, ikigawanywa kwa 3 inabaki 1 pia. Basi hapana. Kwa 11? Jumlisheni tarakimu kwa kuruka moja moja, kuanzia upande wa kuume: fungu moja linatoa 63, fungu lingine linatoa 46. Tofauti ni 17, na 17 haigawanyiki kwa 11. Kwa 7? Tuligawanya polepole kwa kalamu, ikabaki 1. Kwa 13? Ikabaki 10.

Mtu mwenye haraka atasema: yatosha, haigawanyiki na kitu, iko nombre premier. Kwa Kiswahili vitabu vinasema namba tasa, ndiyo ile inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu, kama 7, 13 ao 31. Namba isiyo tasa iko na namba zingine zinazoigawanya bila kubakiza kitu, na hizo tunaziita vigawo. Kwa mfano 15 iko na vigawo 3 na 5. Swali lote la Sitini na Saba ni hilo: iko tasa, ao iko na vigawo vilivyojificha?

Namba hii ni ya ukoo mmoja wenye sifa kubwa, ukoo wa namba za Mersenne: zote zinapatikana kwa kuzidisha 2 kwa 2 mara nyingi, kisha kutoa 1. Kipeo 2 kinaleta 3. Kipeo 3 kinaleta 7. Kipeo 5 kinaleta 31. Kipeo 7 kinaleta 127. Zote nne ni tasa. Mtu anaanza kufurahi, anasema nimepata sheria: kipeo kikiwa tasa, namba nayo itakuwa tasa. Lakini kipeo 11 kinaleta 2 047, na 2 047 ni 23 mara 89. Sheria imevunjika. Ni kweli kwamba kipeo kisipokuwa tasa, namba haiwezi kuwa tasa. Lakini kipeo kuwa tasa peke yake hakutoshi.

Marin Mersenne alikuwa mtawa Mfaransa, alizaliwa mwaka 1588, akafa mwaka 1648. Aliandikiana barua na wataalamu wengi wa Ulaya, hata watu wakubwa kama Descartes na Fermat, na habari za huyu alimpelekea yule. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1644 alitoa orodha. Alisema kama kuanzia 2 mpaka 257, vipeo vinavyoleta namba tasa ni hivi 11 tu: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Angalieni vizuri, 67 iko ndani. Mersenne hakuonyesha kazi yake. Aliandika tu.

Na juu ya nini watu walimwamini? Kwanza alikuwa mtu wa heshima. Pili, sehemu ya orodha ilikuwa ya kweli: mwaka 1772 Leonhard Euler alionyesha kama kipeo 31 kinaleta kweli namba tasa, 2 147 483 647. Tatu, kuhakikisha namba ya tarakimu 21 kwa kalamu na karatasi si mchezo. Mkitaka kujaribu vigawo vyote kimoja kimoja, inafaa kufika zaidi ya miliari 12 mbele ya kusema “tumemaliza”. Basi neno la mkubwa likabaki limesimama.

Lilisimama mpaka mwaka 1876, yaani miaka 232. Mwaka ule Édouard Lucas, mwalimu wa sekondari huko Ufaransa, alionyesha kama Sitini na Saba si tasa. Lakini, ndugu wasomaji, hapa njo pahali pa ajabu: Lucas hakutaja kigawo hata kimoja. Hakukijua. Alijua tu kama viko.

Wengi darasani walikataa. “Namna gani unajua kama kitu kinagawanyika na wewe mwenyewe hujui kinagawanyika kwa nini?” Tuwaonyeshe kwa namba ndogo, katika namna rahisi iliyotolewa na Mmarekani D. H. Lehmer katika miaka ya 1930. Tunapima 127, ambayo kipeo chake ni 7. Anza na 4. Zidisha 4 kwa 4, toa 2, unapata 14. Zidisha 14 kwa 14, toa 2, unapata 194. Hiyo imepita 127, basi gawanya kwa 127 na ushike baki tu, ni 67. Fanya vile tena: 42. Tena: 111. Tena: 0. Kazi inafanywa mara 5, yaani kipeo toa 2. Ikimalizika kwa 0, namba iko tasa. Isipomalizika kwa 0, si tasa. Basi 127 iko tasa.

Sasa tupime 2 047, kipeo chake 11, kazi mara 9. Tunaanza na 4, kisha tunapata 14, 194, 788, 701, 119, 1 877, 240, 282, na mwisho 1 736. Si 0. Basi 2 047 si tasa. Na ninyi mmeona: katika kazi yote ile, 23 haikuonekana, 89 haikuonekana. Tumejua kama viko, bila kuviona. Kwa Sitini na Saba kazi ni mara 65, na kila mara unazidisha namba ndefu kama ile ya juu. Lakini maana yake ni ile ile.

Kuanzia mwaka 1876 mpaka mwaka 1903, miaka 27, watu wa hesabu walijua kama Sitini na Saba iko na vigawo, na hakuna aliyeweza kuvitaja. Hakuna aliyesema: “Kwa kuwa lazima viko, tuseme tu ni hii na hii, maana tunazishuku.” Walibaki na neno moja: viko, hatuvijui.

Tarehe 31 mwezi wa 10 mwaka 1903, Shirika la Hesabu la Marekani lilikutana New York. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia, jina lake Frank Nelson Cole, alipewa nafasi ya kusema. Inasimuliwa kama hakusema kitu. Alienda ubaoni, akaandika 2 na kipeo 67, akahesabu mpaka mwisho, akatoa 1. Kisha akaenda upande mwingine wa ubao, akaandika:

193 707 721 mara 761 838 257 287

Akazidisha kwa mkono, mstari kwa mstari, mpaka chini. Majibu ya pande mbili yakawa sawasawa. Akarudi akaketi, bila neno. Watu wakapiga makofi. Miaka kadhaa kisha, alipoulizwa kazi ile ilimchukua wakati gani, inasemekana alijibu: siku za Mungu za miaka mitatu. Wengine kati yetu waliuliza kama hiyo si kuvunja siku ya Mungu. Neno hilo tunawaachia wachungaji wetu.

Msifikiri Cole alijaribu ovyo ovyo. Fermat na Euler walikuwa wamekwisha onyesha kama kigawo tasa cha namba ya namna hii hakiwezi kukaa pahali popote. Kwa Sitini na Saba, kigawo tasa chochote, ukikitoa 1, lazima kigawanyike kwa 134, yaani 67 mara 2. Jaribuni kwa 2 047, kipeo 11: 23 toa 1 ni 22, na 89 toa 1 ni 88, zote zinagawanyika kwa 22. Basi kwa Sitini na Saba unaacha 3, 7, 11, 13 na jamaa zao, unaanza na 135, kisha 269, kisha 403, unaongeza 134 kila mara. Ile 135 inaanguka yenyewe, kwani inaishia na 5. Hata hivyo njia ni ndefu: 193 707 721 ni ya 1 445 580 katika mstari huo. Kama mtu anajaribu moja kila dakika, mchana na usiku, bila kula wala kulala, atafika kisha siku zaidi ya 1 000. Cole alitumia pia hesabu ya mabaki ya namba za mraba ili kuondoa nyingi kwa mara moja. Kwa kifupi: kwanza alijua pahali pa kutafuta, kisha akatafuta kwa uvumilivu, kisha akaonyesha watu wote.

Sisi tulifanya jambo moja tu, tulirudia kuzidisha kwake. Ilikuwa saa ya kujisomea usiku, tulikuwa watu watano. 193 707 721 iko na tarakimu 9, moja ni 0, basi kuna mistari 8 ya kujumlisha. Mkiangalia, 7 inarudi mara tatu, na 1 mara mbili. Kwa hiyo kazi ya kuzidisha kweli ni kwa 2, kwa 3, kwa 7 na kwa 9 tu. Kuzidisha kwa 7 kunatoa 5 332 867 801 009, na mstari huo tuliuandika mara tatu pahali patatu. Wawili walihesabu, wawili wengine walihesabu kivyao bila kuangalia, wa tano alilinganisha. Mbele ya kengele tulikuwa tumefika: 147 573 952 589 676 412 927. Tukaongeza na ile hesabu ya kuhakikisha kwa 9, preuve par neuf ya shule ya msingi. Tarakimu za kigawo cha kwanza zinajumlishwa kuwa 37, zinabaki 1. Za kigawo cha pili ni 64, zinabaki 1. Moja mara moja ni 1. Za namba kubwa ni 109, zinabaki 1. Sawa. Lakini wadogo zetu wakumbuke: hesabu hiyo ya 9 inaweza kushika kosa, haiwezi kuapa kama kosa haliko. Ukigeuza tarakimu mbili, 9 haioni. Ndiyo sababu watu wawili walihesabu mara mbili.

Sasa tunaweza kusema Sitini na Saba ni ya ukoo gani, bila kubahatisha. Ni namba ya Mersenne. Haigawanyiki kwa 2. Si tasa, imetoka kwa namba tasa mbili tu, na kwa hiyo iko na vigawo 4: 1, zile mbili za Cole, na yenyewe. Tena iko pungufu: ukijumlisha vigawo vyake vingine bila yenyewe unapata 762 031 965 009, na hiyo ni ndogo sana mbele yake. Namba ambayo vigawo vyake vinajumlishwa na kuirudisha yenyewe inaitwa timilifu, kama 6, ambayo ni 1 na 2 na 3, ao kama 28. Zamani Euclid alionyesha kama kila namba tasa ya ukoo huu inazaa namba timilifu moja. Kama Mersenne angekuwa na haki juu ya 67, ingekuwako namba timilifu moja zaidi. Haiko. Na katika orodha yake yalionekana makosa mengine: 257 nayo si tasa, na alisahau 61, 89 na 107. Ile 61 ilionyeshwa na Mrusi Pervushin mwaka 1883. 89 na 107 zilionyeshwa na Mmarekani Powers mwaka 1911 na 1914. Orodha yote ilimalizika kupimwa mwaka 1947, kisha miaka 303.

Leo kompyuta inapata vigawo vya Sitini na Saba mbele hujamaliza kupiga chafya. Mwezi wa 10 mwaka 2024 ilitangazwa kama kipeo 136 279 841 kinaleta namba tasa yenye tarakimu 41 024 320. Kama ukurasa mmoja wa gazeti hili unabeba tarakimu 3 000, ingefaa kurasa zaidi ya 13 000 ili kuiandika. Na njia iliyotumiwa kuithibitisha ni ile ile: anza na 4, zidisha kwa yenyewe, toa 2. Mashine imebadilika, lakini swali na ushuhuda havikubadilika.

Tunafika sasa kwa sanduku.

Mnajua kama kila darasa linatoa mchango wa karatasi na wino. Katika muhula wa 2, daftari lilisema inafaa kuwe na franka 214 500. Sanduku lilifunguliwa mbele ya mashahidi watatu, likahesabiwa mara mbili: 187 000. Zilikosekana franka 27 500. Siku ile ile, mbele hata ya chakula cha jioni, jina lilitajwa. Lilikuwa jina la mdogo wetu wa mwaka wa 2, yule anayefagia chumba cha gazeti. Amefika kwetu mwaka huu tu, watu wa kwao wako mbali, na katika internat hana kaka wa kumsemea. Tulisikia kwa masikio yetu: “Ni yeye tu. Nani mwingine anaingiaka mule?” Na mwingine: “Afukuzwe mbele akule na ingine.” Kesho yake watu walikuwa wakisema jina lake sawa vile jambo limekwisha kuhukumiwa.

Sisi wakubwa wa wanafunzi tuliitwa kutoa shauri kwa mkuu wa nidhamu. Barua ilikuwa imekwisha andikwa, ilibaki kutia sahihi. Katika mkutano wetu mmoja aliuliza neno moja tu: “Hii tuliyo nayo ni ya Lucas ao ni ya Cole?” Wote wa darasa letu walielewa, na chumba kikanyamaza.

Kwa sababu tulichokuwa nacho kilikuwa cha Lucas tu. Hesabu haikumalizika kwa 0. Hiyo ilikuwa kweli kabisa, hakuna wa kubisha. Lakini kujua kama kuna kosa si kujua mwenye kosa. Mtu anayeleta kigawo lazima akizidishe mbele ya watu wote, na kirudishe namba nzima bila kubakiza. Kama mtoto huyu alichukua, basi waonyeshe: siku gani, kiasi gani, na kiasi hicho kitimize franka 27 500. Hakuna aliyeweza. Walikuwa na ufagio wake na unyonge wake tu. Wanasema mnyonge hana haki. Katika hesabu hakuna msemo huo. Kule namba ndogo inapimwa kwa sheria ile ile ya namba kubwa.

Barua haikutiwa sahihi. Tuliomba siku tatu, tukapewa. Kama Cole, tulijiuliza kwanza kosa linaweza kukaa wapi. Likiwa haliko ndani ya sanduku, linaweza kuwa pahali patatu: katika pesa zilizoingia, katika kujumlisha, ao katika vitu vilivyonunuliwa. Tukagawana watu wawili wawili, kila kundi likihesabu bila kuona kazi ya kundi lingine. Usiku wa kwanza hatukupata kitu. Usiku wa pili tuliona kama mchango wa mwaka wa 3, franka 18 000, ulijumlishwa mara mbili, mara moja chini ya ukurasa na mara nyingine juu ya ukurasa uliofuata. Usiku wa tatu ilipatikana karatasi ya duka, wino wa franka 8 000, ulionunuliwa na haukuandikwa katika daftari. 18 000 na 8 000 ni 26 000. Zimebaki 1 500.

Hizo 1 500 hatukuzipata, na mpaka leo hazijulikani. Tulimpelekea mkuu wa nidhamu daftari likiwa limesahihishwa, na kwenye mstari wa mwisho tuliandika: “1 500, haijulikani.” Wengine walisema ni aibu kuacha mstari wa namna ile. Sisi tunasema mstari ule ni wa heshima kuliko mistari yote ya daftari, kwani pahali pa kuandika jina la mtu tuliandika kile tunachojua. Watu wenye elimu kuliko sisi walikaa miaka 27 na neno “hatuvijui”, nao hawakuona haya.

Mdogo wetu yuko darasani. Anasoma, na juzi tulimwona akicheza mpira. Lakini tuseme wazi, kwani njo sababu kubwa ya kuandika. Sitini na Saba iliitwa tasa miaka 232 na haikuumia. Namba haina masikio. Mtoto iko na masikio. Wale waliotaja jina lake barazani walilitaja kwa sauti kubwa, na habari ya daftari ilipotoka waliisema kwa sauti ndogo, ao hawakuisema. Cole alienda ubaoni mbele ya watu wote. Basi waliosema jina mbele ya watu, waende vile vile mbele ya watu wamwambie kama hesabu imesema mengine. Hatutaji majina yao hapa. Wenyewe wanajijua.

Sisi tunamaliza mwaka huu, na daftari litabaki mikononi mwa mwaka wa 5. Tunawaachia desturi tatu tulizokwisha kuanza. Kila ukurasa ujumlishwe na watu wawili, kila mmoja kivyake. Kila kitu kinachonunuliwa kiandikwe siku ile ile, na karatasi ya duka ibandikwe kando yake. Na hesabu ikikosa kutimia, watafute katika daftari mbele ya kutafuta katika watu.

Na kwa wadogo wa mwaka wa 4 wanaosema wanaweza, hii ni kazi ya likizo. Kipeo 29 kinaleta 536 870 911. Mersenne hakukiweka katika orodha yake, na hapo alikuwa na haki: si tasa, imetoka kwa namba tasa tatu. Kumbukeni sheria: kila moja, ukiitoa 1, inagawanyika kwa 58. Ya kwanza haiko mbali, mtaifikia mbele ya jaribio la 5. Atakayeleta zote tatu alete na karatasi ya kuzidisha, mistari yote ionekane. Jibu bila kazi hatutalipokea, hata likiwa la kweli.

Ndimi mkubwa wa wanafunzi, kwa jina la wenzangu wa mwaka wa 6.